Kiti Kilichosukumwa Nyuma

Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aende akachague mchele wake. Mambo haya yalianzia kwenye kiti cha dereva, na kiti chenyewe kilikuwa hakisogei.

Kilikuwa hakisogei tangu mume wa Kulthumu yuko hai. Marehemu alikuwa mfupi, kama alivyokuwa mfupi mke wake na kama alivyotoka mfupi binti yao Raisa. Ukoo mzima ukisimama kwenye foleni ulionekana kama umeketi. Alikivuta kile kiti mbele hadi mwisho ili miguu yake ifike kwenye pedali, kisha kutu ikakishika hapo hapo. Alipokufa, Akonkwa, fundi wa magari aliyetoka Bukavu, alikigonga nyundo asubuhi nzima, akatoka na jasho na kidole kilichopondeka. Kiti hakikwenda popote. Basi kila aliyekodi lile Pejo la marehemu aliliendesha magoti yakiwa masikioni, na aliyelalamika Kulthumu alimjibu, "Miguu mirefu Mungu amekupa ya kutembelea. Tembea."

Sasa Ijumaa moja ya mwezi wa saba, kiangazi kikali, alasiri, Kulthumu akafungua mlango wa gari lake akakuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka kimegusana na kiti cha nyuma. Hakikuvunjwa wala kugongwa. Reli zake zilikuwa laini, zinang'aa kama zilizopakwa mawese. Na mle ndani mlinuka tope, si tope la njiani, tope lile la chini ya ziwa ambalo wavuvi wakilipandisha na nyavu hulirudisha haraka.

Akatazama mshale wa mafuta. Tangi lilikuwa limejaa.

Ilikuwa miaka ya vita, na juu ya vita nchi jirani zilikuwa zimetufungia biashara. Petroli ilivuka ziwa kwa kuibia, ndani ya vidumu, chini ya magunia ya ndagala, wale dagaa wa ziwa, na iliuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Tangi zima! Kulthumu akacheka peke yake pale uani. Kiti akakisahau. Kuna watu ukiwatilia asali kwenye kidonda watalamba kidonda.

Lile gari watu wa mtaa waliliita Mke-Mwenza, kwa sababu marehemu aliliosha kila Ijumaa kabla ya kujiosha mwenyewe, na mgongo wa mkewe hakuwahi kuusugua hata siku moja. Alipokufa, Kulthumu akalilipizia kisasi. Akalikodisha. Nusu siku, saa moja, kwenda na kurudi. Kupeleka mgonjwa, kuchukua bibi arusi, kubeba mawese hadi sokoni. Magari mengine ya mtaa yalikuwa yamechukuliwa, au yamechomwa njiani kule Gitaza, au wenyewe wamekimbia nayo. Likabaki hilo moja, na wote wakawa wapangaji wake.

Masharti yalikuwa matatu, na aliyasema kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Kwanza rehani. Karte ya utambulisho hakuichukua, maana ukifika kwenye barieri, pale wasoda na bunduki zao wamefunga njia, bila karte, hilo gari angelirudisha nani? Alitaka kitu cha nyumbani, kitu ambacho usiku utakilalia macho. Mariyamu, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliacha cherehani yake. Athumani, kijana wa mtaa huo huo, aliacha redio. Kuna mtu aliwahi kung'oa mlango wa nyumba yake akauleta begani kwa sababu hakuwa na kingine, na Kulthumu akaupokea. Sharti la pili: urudishe gari kama ulivyolichukua. La tatu: ukilirudisha, unachukua chako kwa mkono wako mwenyewe, yeye hamkabidhi mtu. Vitu vikakaa kwenye chumba cha nyuma, vingine sakafuni, vingine kwenye misumari, na sheria ya chumba kile aliitunga yeye: rehani haivaliwi, haipikiwi, haisikilizwi.

Aliyelikodi Ijumaa ile alikuwa amekuja jua likiwa la utosi, wanaume wote wako msikitini, mtaa umetulia hata mbuzi hawatafuni. Mtu mrefu, kanzu nyeupe, pindo la chini limelowa hadi magotini, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano.

"Asalam aleikum," Kulthumu alimwambia.

"Amahoro, mama," yule mtu akajibu, kwa salamu ya wenyeji.

Kulthumu akajisemea labda ni Mkristo aliyeazima kanzu. Vita vilikuwa vimechanganya watu.

"Unaenda wapi na gari langu?"

"Kigwena. Kumuandalia muke wangu nyumba."

"Kigwena kwenyewe kuna nyumba? Kuna msitu na wenye bunduki."

"Iko nyumba," alisema. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kikuku cha mguuni, fedha tupu, kizito, kimechorwa samaki wanaofukuzana mkia kwa kinywa, na kilikuwa kinachuruzika maji kana kwamba kimetolewa ndooni sasa hivi.

Baadaye watu walimuuliza Kulthumu uso wa mtu yule ulikuwaje, na miguu yake je, kwato au vidole? Hakujua. Alikuwa ametazama fedha. Alimsomea masharti matatu, yule mtu akayarudia moja moja, polepole, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni, kisha akaenda na gari. Kabla ya alasiri gari lilikuwa uani, ufunguo juu ya kiti, yeye hayupo. Na kikuku hakukifuata.

Ikapita Ijumaa moja, ikapita ya pili. Kikuku kilikaa kwenye msumari na chini yake sakafu haikukauka. Kulthumu aliingia kukitazama asubuhi, akaingia tena jioni. Siku ya kumi na tano alikichukua, akamwita Raisa, akapiga goti mbele ya binti yake, yeye ambaye hakumpigia goti hata mama mkwe, akamvisha mguuni kwa mkono wake.

"Mama, si ni rehani ya mutu?"

"Mwenyewe amekufa. Barabara hii imekula watu wenye akili kuliko yeye. Geuka nikuone."

Raisa alikuwa na miaka kumi na tisa, anachumbiwa na fundi cherehani aliyekimbilia Kigoma na kuahidi kuja kumchukua amani ikija. Akageuka. Gauni lake la Idi lilifagia sakafu, kwa ufupi wake, na chini ya pindo kikuku kikalia mara moja, *tli*, kama kijiko kwenye glasi.

Kesho yake alfajiri Kulthumu alisikia Mke-Mwenza akipoa.

Kila aliyeishi na gari anaijua sauti ile: injini ikizimwa baada ya safari, vyuma vinajikunja, *tik, tik, tik*, hadi vipoe. Alitoka na ndala moja. Lango limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko chini ya mto wake, na boneti ina moto usioshikika. Akatazama namba za kilomita, kwa sababu alizijua kwa moyo kama wengine wanavyojua Fatiha. Hazikusogea hata moja. Mafuta nayo yalikuwa yamejaa vilevile. Kwenye kiti cha pembeni, mahali anapokaa mke, palikuwa na maji.

Alimwita Akonkwa. Fundi aliingiza kichwa chini ya kiti cha dereva, akakaa huko muda mrefu, akatoka amebadilika rangi.

"Mama Raisa, hii kiti nani alitengeneza?"

"Kwani wewe umeshindwa, na wengine washindwe?"

"Hapana kutengeneza hii," akasema kwa sauti ya chini, anafuta mikono ingawa haikuwa na grisi. "Kutu haikukwanguliwa. Kutu haiko. Ile chuma ni mupya, Mama, ni kama haijazeeka hata siku moja. Miye sitaigusa tena gari yako. Usinilipe."

Na kweli hakudai, na fundi asiyedai ni habari mbaya kuliko barua ya serikali.

Kutoka siku hiyo kila alfajiri *tik, tik, tik*, na kila adhuhuri harufu ya tope ikaingia nyumbani ikakaa kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa. Raisa akaacha kula ndagala, akasema wanamtazama. Akaanza kulala mchana, jua la utosi, macho wazi, na usingizini alijibu maswali ambayo mama yake hakuyasikia yakiulizwa: ndiyo, bado, Ijumaa, ndiyo. Kulthumu alijaribu kuvua kikuku kwa sabuni, akajaribu kwa mawese, akajaribu kwa msumeno wa chuma. Msumeno ukapoteza meno, na kikuku kikawa kinateleza kikizunguka mguu vizuri kabisa, hakibani, ila kisigino hakikipishi.

Alikuwa amebakiwa na jirani mmoja wa kumuuliza, na alikuwa adui yake.

Mariyamu alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Cherehani yake ilikuwa bado kwenye chumba cha rehani, kwa sababu aliporudisha gari taa moja ilikuwa imepasuka na Kulthumu alisema hilo si gari alilolichukua.

"Leo umepotea njia, Bi Kulthumu?"

"Ijumaa ile ulikuwa kibarazani unauza mawese. Ulimwona aliyechukua gari langu?"

"Nilimwona." Mariyamu aliangalia barabarani kwanza, kisha akashusha sauti, na ile sauti iliyozoea kutukana ikawa kama ya mtoto anayesema siri. "Alipita hapa mbele yangu polepole. Shingo ameikunja kwenye paa la gari, imekunjika mara mbili, dada, huku na huku, kama mpira wa kumwagilia bustani. Magoti yamepita juu ya usukani. Alikuwa ananitazama, lakini uso ulikuwa umegeukia nyumba yako."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie kwa nini? Nilikuwa nakaa nashona kwa mkono."

Kulthumu akageuka bila kuaga. Akaenda kwa Kadidja.

Kadidja alikuwa mganga wa mashetani na muuza vitumbua, na kwa kazi zote mbili alitaka watu wapange mstari. Hakupiga ngoma, hakuchinja kuku mweusi. Alimkalisha Raisa mbele yake, akautazama mguu, akamgeukia mama na kumhoji kama jaji.

"Alisema anaenda kufanya nini?"

"Kumuandalia mke wake nyumba."

"Na mahari akakupa mkononi."

"Ile ni rehani!"

"Rehani haivaliwi. Si sheria yako hiyo? Ilipokuwa kwenye msumari ilikuwa rehani. Nani alimvisha?"

Kulthumu akaangalia vitumbua.

"Ulipiga goti?"

Akaviangalia zaidi.

"Mwanamke mjinga wewe," Kadidja akasema, anageuza kitumbua. "Majini ni watu wa masharti. Binadamu humdanganya mwenziwe akasamehewa, wao hawajui kusamehe, wanajua neno. Alikodi kwa sheria zako, alizirudia mdomoni, hajavunja hata moja. Wewe umevunja. Sasa anakuja kila alfajiri kumzoesha njia. Ijumaa atamchukua."

"Nifanye nini, mama?" Hiyo 'mama' ilitoka kwa shida, Kadidja alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba.

"Umpe kilicho bora kuliko mahari yake, umpe moja kwa moja, si kukodi. Una nini cha kumpa zaidi ya gari? Liache kando ya ziwa, upande wa Kigwena, Alhamisi kabla ya magharibi. Useme: gari ni lako, binti ni wangu. Ufunguo ndani. Kila ufunguo, kila karatasi, kila kitambaa cha kulifutia. Usibakize kitu, unasikia? Mwenye kubakiza ufunguo hajatoa, amekodisha."

Kulthumu alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, na aliyemwona angedhani anamlilia Raisa.

Alhamisi Athumani akakubali kuendesha, baada ya kurudishiwa redio yake. Mariyamu naye akarudishiwa cherehani. Akaipokea bila murakoze, bila hata asante ya Kiswahili. Walipita barieri, wasoda wakatazama kikuku kisha wakatazama pembeni, hakuna aliyeomba karte. Walipofika pale michikichi inaposhuka hadi kwenye mchanga, Athumani aliruka nje injini ikinguruma, akakimbia hata bila viatu, na Kulthumu akasimama mbele ya gari la mume wake amemshika binti mkono, na ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta, hakuna mtumbwi, hakuna ndege, harufu ya tope inapanda kutoka majini na kuwazunguka kama watu wanaonusana, na akasema maneno aliyofundishwa, gari ni lako, binti ni wangu, akayasema mara tatu, na alipomaliza mara ya tatu kikuku kikafunguka chenyewe mguuni mwa Raisa kikaanguka mchangani, *tli*.

Walirudi kwa miguu, hawakugeuka nyuma. Walisikia mlango wa gari ukifungwa taratibu, kama anavyofunga mtu aliyelelewa vizuri.

Na sasa sikilizeni ujinga. Pejo lile lilikuwa na funguo mbili. Wa pili marehemu alimpa mkewe siku ya kwanza ya gari, kitu pekee alichowahi kumpa bila kuombwa, na Kulthumu aliuvaa kiunoni chini ya kanga, umefungwa kwa uzi. Pale ufukweni, wakati anasema gari ni lako, ulikuwa umelala juu ya nyonga yake. Hakusahau. Alijiambia vita vitaisha siku moja, na gari lililoachwa kando ya ziwa ni gari lililoachwa kando ya ziwa. Mtu mwenye ufunguo anaweza kwenda kulitafuta.

Usiku ule Raisa alikula ndagala sahani mbili. Alfajiri haikusikika *tik* hata moja. Kulthumu alisali, akafagia uani pale palipokuwa na alama za matairi, na jua lilipokaribia utosi akamwita binti yake avae lile gauni la Idi waende kwa Kadidja na kuku wa shukrani.

Raisa alitoka chumbani. Gauni lililokuwa linafagia sakafu lilikuwa limeishia katikati ya miguu.

"Limeingia maji likarudi," Kulthumu akasema, ingawa halikufuliwa. Akalivuta pindo chini. Halikushuka. Akaushika mguu wa binti yake, pale kilipokuwa kikuku, na palikuwa na duara la ngozi baridi, limelowa, na chini ya ngozi, kama mishipa, samaki wadogo walikuwa wanafukuzana mkia kwa kinywa, wanazunguka, wanazunguka, na alipoinua macho kumtazama Raisa usoni ilimbidi ainue shingo, yeye ambaye jana walikuwa wanatazamana sawasawa, na akainua tena, kwa sababu uso ulikuwa bado unakwenda juu.

"Mama," Raisa akasema kwa upole, "kiuno chako kinaungua."

Na kweli. Ufunguo ulikuwa wa moto kama umetoka jikoni. Kulthumu akaukata uzi kwa meno, akaurusha uani, akapiga kelele, "Chukua! Chukua na huu! Nimekupa, nimetoa!" Msikitini walikuwa wameanza hotuba. Mtaa ulikuwa umetulia hata mbuzi hawatafuni. Honi ikalia langoni, mara moja, kwa adabu.

Lango lilifunguka na kufuli lake bado limefungwa. Mke-Mwenza akaingia mwenyewe, ameoshwa, anameremeta, taa aliyoivunja Mariyamu imetiwa nyingine mpya, akasimama mahali pake pa siku zote. Mlango wa pembeni ukafunguka.

"Mwanangu, usiende! Nimempa gari!"

"Ulimkodisha, mama," Raisa akasema. Aliinama ili kichwa kipite chini ya kizingiti cha juu. "Naye ameshalirudisha. Anachukua chake kwa mkono wake."

Kulthumu alimshika gauni. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa pindo, limelowa, lina tope. Alipotoka nje, Raisa hayupo. Hakusikia hatua, hakusikia kilio, na lile jambo lililomtesa hadi anakufa ni kwamba hakusikia kilio.

Gari lake lilikuwa uani. Tangi limejaa. Kilomita hazikusogea. Ufunguo wa pili ulikuwa umewekwa juu ya boneti vizuri, na uzi wake umefungwa upya.

Alifungua mlango, injini ikimwimbia *tik, tik, tik*, akatazama ndani. Viti vyote viwili vya mbele vilikuwa vimesukumwa nyuma mpaka mwisho.